Baba yao hakuwa Kalemie

Ushauri wa kwanza niliopewa kuhusu watoto wa jirani ambao baba yao amefungwa ulikuwa nidanganye. "Waambie baba yao amesafiri." Alisema jirani, akasema mama mmoja wa kikoba chetu, akasema hata mzee mmoja mwenye ndevu zake ambaye nilidhani atakuwa na la maana. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma mjini. Sikusomea watoto. Ila nguo iliyokatwa vibaya, hata uishone vizuri vipi, itakaa upande, na hilo nilikuwa nalijua kabla sijajua kitu chochote kuhusu magereza.

Watoto wenyewe ni watatu, wajukuu wa bibi mmoja anayeanika dagaa Kibirizi. Nyumba zetu zinapakana. Baba yao alikamatwa mwaka 2023, akakaa mahabusu katika gereza la Bangwe, kesi ikaisha, akafungwa miaka mitatu. Kosa lake siliandiki, hakimu alishalimaliza. Mama yao alirudi kwao Kasulu kesi ikiwa bado inaahirishwa, akasema atakuja kuwachukua. Wakabaki na bibi, na bibi hutoka alfajiri kuwahi boti. Jioni watoto wakawa wanaishia barazani kwangu, wanachezea vipande vya vitenge. Ndivyo nilivyopata ulezi, hakuna aliyeniteua.

Bibi alikuwa amewaambia baba yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, anauza vitenge. Kwa mji huu ni uongo mzuri kabisa. Nani hapa hana ndugu anayevuka kwenda Kongo? Na vitenge kweli vinatoka huko. Shida ya uongo mzuri ni kwamba mtu anaweza kufunga safari kuufuata. Mkubwa, wakati huo yuko darasa la tano, akaufuata.

Alitoka asubuhi na sare yake kama anakwenda shule. Madaftari kayaacha chini ya kitanda. Kwenye begi kaweka shati la baba yake, maandazi, chupa ya maji na visenti alivyokuwa akipata kwa kubebea watu ndoo za dagaa. Akateremka mpaka Kibirizi, akazunguka nyuma ya chanja ili bibi yake asimwone, akaenda moja kwa moja kwenye boti za mizigo na kumwuliza nahodha mmoja nauli ya mtoto kwenda Kalemie ni shilingi ngapi.

Nahodha akamwuliza anamfuata nani. Baba. Anafanya nini huko? Anauza vitenge. Wapi? Sokoni. Soko gani? Kimya. Yule bwana, Mungu ampe umri, hakumfukuza wala hakumkaripia. Alimwambia akae juu ya gunia asubiri, boti inaondoka usiku. Kisha akaitazama kaptula.

Hapa mniache nijisifu. Kaptula zangu za shule zina mfuko mdogo wa ndani, upande wa kulia, wenye kifuniko na kifungo, ili mtoto asidondoshe hela ya maandazi. Mafundi wenzangu hawahangaiki nao kwa sababu unakula muda na mteja haulipii. Nahodha yule nimewashonea wanawe. Akamwambia mtoto, "Hebu geuza kiuno nikione." Akakiona kifungo. Akanipigia simu: "Mama Fundi, kaptula yako iko huku kwangu inataka kwenda Kongo, na ndani yake kuna mtoto."

Nilipanda bodaboda na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Nilimkuta anakula mhogo na mabaharia, katulia kama msafiri mzoefu. Sikumpiga, ingawa mkono uliwasha. Nilimwuliza tu kulikoni. Akasema shuleni wenzake wanamwambia baba yako yuko jela, nyumbani bibi anasema yuko Kalemie. "Nikaona niende nikaangalie nani mwongo."

Usiku nikakaa na bibi. "Mwanangu," akaniambia, "ukimwambia utamvunja moyo." Nikamjibu, "Nisamehe mama, lakini sasa hivi tungekuwa tunamtafuta ziwani." Ziwa lenyewe hili Tanganyika, lenye kina cha zaidi ya mita 1,400. Akalia, akanyamaza, halafu akawaita wote watatu na kuwaambia mwenyewe, kwa Kiha, maneno hayakujaa kiganja: yuko gerezani, alifanya kosa, anatumikia, atarudi. Nilikuwa nimeshika kanga tayari kwa kufuta machozi. Mkubwa hakulia. Wa kati, msichana, akauliza kama huko wanapewa mboga. Kitinda mimba akaendelea kuchezea bobini. Kanga nikaishia kuifutia meza.

Baadaye sana ofisa ustawi wa jamii alinieleza kwamba Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unalisema jambo hili waziwazi katika ibara ya 9: mtoto akitenganishwa na mzazi kwa sababu ya kifungo, apewe habari za alipo mzazi huyo, isipokuwa kama habari zenyewe zitamdhuru. Laiti ningelijua mapema, ningewasomea wale washauri wangu kwa sauti, nikianza na mwenye ndevu.

Ushauri wa pili ulitoka kwa dada mmoja aliyehudhuria semina ya malezi na kurudi na makaratasi. Akanielekeza: wakusanye, wanunulie vinywaji, waulize wanajisikiaje, kisha wachore moyo na kuupaka rangi. Nikatii. Nikanunua soda, biskuti na penseli za rangi, nikafagia baraza, nikafunika cherehani. Nikaalika na watoto wawili wa Katubuka ambao mama yao alikuwa mahabusu wakati huo. Wakakaa kwenye mkeka wamenyooka kama wako ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Unajisikiaje ukimfikiria baba?"

"Vizuri."

"Na wewe mwanangu?"

"Vizuri."

"Na wewe?"

"Vizuri. Naomba soda nyingine."

Tukaenda kwenye kuchora. Wa kati alichora samaki, mgebuka, juu ya sahani, na ugali pembeni. Mgebuka mzuri, sikatai, mpaka jicho lilikuwapo. Wale wa Katubuka walichora gari. Kitinda mimba akanitazama kwa huruma akauliza, "Mama Fundi, leo hushoni? Umefilisika?" Soda zikaisha, wakashukuru, wakaondoka. Hela iliyokwenda siku ile ingenunua mita kadhaa za kitambaa.

Kesho yake nilikuwa na sare za kumaliza, nikawagawia vifungo na sindano ili wasinisumbue. Nakanyaga cherehani, mgongo nimewapa. Katikati ya ule mlio, yule mkubwa akasema, kama anaongea na shati, "Baba alikuwa ananipeleka kuona treni." Nikasema "Enhee" na kuendelea kukanyaga. Akasema la pili. Akasema la tatu, ambalo ni lake na siliandiki.

Tangu siku ile kanuni yangu ni hiyo: mtoto akitoa jambo zito, usisimamishe cherehani. Ukisimamisha, ukageuka, ukavua miwani, umemharibia, atakwambia "vizuri". Asiye na cherehani achambue dagaa nao, au wamenye mihogo. Mikono iwe na kazi na macho yawe pengine. Tena wateja niliwawekea sheria. Aliyeuliza mbele yao "huyu si mtoto wa yule?" nilimpandishia bei, na sababu sikumwambia.

Kuwapeleka gerezani ndiko kulikoleta kelele nyingi zaidi mtaani. "Watazoea jela hao." Nikajibu kwamba mimi nimekwenda hospitali mara nyingi na kuugua sijakuzoea. Nilibeba kitambulisho changu na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Sijui kama barua ilikuwa ya lazima, ila karatasi yenye muhuri haijawahi kumdhuru mtu. Watoto niliwaeleza kila kitu kabla: mtakaguliwa, simu inaachwa, baba atakuwa amevaa nguo za wafungwa, askari atakuwa karibu anasikiliza, muda ni mfupi. Hilo la nguo msilisahau. Mtoto asiyeambiwa huduwaa akiyatazama mavazi, na muda wote umekwisha.

Hata hivyo mara ya kwanza walitazamana tu. Baba anatazama chini, watoto wanatazama ukuta. "Mnasoma?" "Ndiyo." "Bibi hajambo?" "Hajambo." Kwisha. Nikarudi nyumbani nawaza. Ilikuwa inaelekea Desemba, shule zinafunga, mkubwa akaja na ripoti yake. Chini kuna nafasi ya maoni ya mzazi, na bibi hajui kuandika, kwa hiyo akanipa mimi kalamu. Nikakataa. Nikamwambia mzazi wa kusaini yupo.

Tukaipeleka. Nilimweleza askari wa zamu tunachotaka, naye akaisoma ripoti yote juu mpaka chini, tena kwa makini, akafika kwenye Hisabati akaguna. Akampelekea baba na kalamu. Yule bwana aliyekuwa anatazama chini akainua uso akauliza, "Hisabati 28, hii nini?" Mtoto akajitetea. Baba akamwuliza mgawanyo wa desimali. Wakabishana! Askari naye akachangia. Muda ukaisha bado wanabishana, na kwenye ripoti kukaandikwa "Aongeze juhudi Hisabati", na saini. Kutoka pale mtoto aliingia shuleni na ripoti iliyosainiwa na baba yake, kama wenzake wote. Kila muhula tukafanya hivyo, kwa wote watatu.

Mwaka 2024 akahamishiwa Kwitanga, gereza lenye shamba la michikichi. Nauli ikapanda, tukawa tunakwenda kwa zamu, sabuni na dawa ya meno mkononi. Lakini kuhama kule kulitupa jibu la kuwapa watu, maana tangu 2018 serikali inahimiza michikichi mkoa mzima na kila shule watoto wanaiimba. Wa kati alipochokozwa darasani alijibu, "Yuko gerezani Kwitanga, anahudumia michikichi. Wako anahudumia nini?" Mwalimu aliniita kulalamika kuhusu adabu. Nilimsikiliza kwa heshima zote, nikatoka nje nikacheka.

Mwaka huohuo ziwa lilifungwa kwa uvuvi, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na bibi hakuwa na dagaa wa kuanika. Tulikula maharage mpaka tukayachukia. Elimu haina ada, ila madaftari, viatu na michango ya hapa na pale vinakula elfu hamsini hujageuka, na wako watatu. Sare zilikuwa juu yangu, za vipande vilivyobaki. Ukitazama vizuri utaona mfuko una bluu tofauti.

Jambo moja nililisimamia kwa ukali ni kutowaahidi msamaha. Kila tarehe 26 Aprili na 9 Desemba bibi alikuwa analala na redio sikioni akisubiri msamaha wa Rais, na watoto wakawa wanakesha naye, asubuhi wanaamka macho mekundu. Nikakaa nao tukapiga hesabu ya kitu kinachohesabika: mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Theluthi ya mitatu ni mmoja, inabaki miwili. Mkubwa akaipiga mwenyewe, huyu wa Hisabati 28, akaandika mwezi ukutani kwa chaki yangu ya kukatia.

Baba alitoka 2025, mwezi uleule wa ukutani. Msidhani mambo yalinyooka. Alirudi anaamrisha kama alivyoondoka, mkubwa yuko darasa la saba na mtihani uko mlangoni, hataki kuamrishwa. Walinuniana wiki nzima. Nikamwita baba barazani, nikampa shati na kopo la vifungo, nikamwambia kaa hapo na mwanao mnisaidie, nina kazi nyingi. Kazi yenyewe haikuwa nyingi kihivyo. Nikakanyaga cherehani.

Suruali mbili za kuanzia maisha nimemshonea kwa mkopo, na mfuko wa ndani nimemwekea. Jina lake liko kwenye daftari la madeni, chini ya mwalimu mmoja na juu ya yule mzee mwenye ndevu, na wote watatu nitawadai.