Nilimwambia asante

Wiki hii dada kajifungua salama, ofisini wametangaza kupunguza watu, na akili yangu yote imekwama kwenye asante ya Zena.

Jumapili tuliangalia Imitation of Life, ile ya 1959. Mnanijua mimi na filamu za zamani. Tukafika pale mama mweusi anapomfuata binti yake chotara mji wa mbali, anakoishi kama Mzungu. Mwenzake wa chumba anaingia ghafla, na mama, asije akamwumbua mtoto, anajifanya yaya aliyemlea. Nalia zangu kimyakimya. Zena, macho kwenye runinga:

“Kama siku ile ya mwavuli.”

“Mwavuli gani?”

“Ulioniletea shuleni. Mlinzi akaniambia dada wa kazi wa kwenu amekuja.”

“Ukamjibu nini?”

“Nilimwambia asante.”

Akachota bisi nyingine.

Asante! Nimeigeuza jikoni, kwenye daladala, hata kikaoni bosi akisoma ile barua. Ni adabu tu, maana mwenyewe nimemfundisha kumshukuru mkubwa? Au ni asante ya kufunga mazungumzo, mlinzi asiulize zaidi? Nikimuuliza atasema “Mama jamani,” basi.

Jana usiku hasira ikahamia kwa Hollywood. Binti yule aliigizwa na Susan Kohner, ambaye mama yake ni wa Meksiko na baba Myahudi wa Bohemia. Mwafrika hayumo. Afadhali toleo la 1934: walimpa Fredi Washington, Mmarekani mweusi mwenye ngozi nyeupe ambaye angeweza kabisa kujipitisha kama Mzungu, akakataa. Ila siku hizo kanuni za studio zilikataza mapenzi ya mweusi na Mzungu kwenye skrini, kwa hiyo baba wa binti anatajwa tu, eti alikuwa mweusi mweupe sana. Chotara asiye na mzazi Mzungu! Kapewa mama wa kumlilia kwenye jeneza, yakaisha.

Wangu baba anaye, anakoroma chumbani. Halafu nikakumbuka mlinzi yuleyule alivyowahi kumwambia Zena “babu yako amefika.” Nikamwamsha Baba Zena.

“Zena alimjibuje?”

“Alisema asante. Saa nane hii, mke wangu.”

Nimecheka mpaka nikajiziba mdomo kwa khanga.

Ila kitovu cha mtoto wa dada jioni kilikuwa na majimaji. Mama anasema ni kawaida. Mimi sikupenda ile harufu.