Bastola haizuii panga la Kisauni

Kila genge la mapanga linapopita Kisauni au Likoni, hapa Mombasa, na kuacha watu na majeraha, mitaani huzuka kauli ile ile: serikali iwaache raia wema wabebe bastola. Hasira hiyo ni halali, na mara nyingi anayeisema ameporwa mlangoni kwake. Lakini hoja zinazofuata huwa zimeazimwa Marekani, ambako Marekebisho ya Pili ya Katiba yamelinda haki ya kubeba silaha tangu 1791, na ambako Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2008 kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi. Katiba yetu ya Kenya ya 2010 haina kifungu cha namna hiyo. Kwetu silaha ni ruhusa inayotolewa, na inayoweza kuondolewa, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114.

Na tuseme kweli kuhusu panga. Mwaka 1983 Dennis Tueller, mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City, alipima muda anaotumia mtu mwenye kisu kukimbia futi 21, yaani mita 6 na kidogo. Ni sekunde 1.5. Muda huo unamtosha askari aliyezoea kuchomoa bastola na kupiga, na ni kwa shida. Vichochoro vingi vya Kisauni havina hata mita hizo 6, ni usiku, na wanaokujia ni watano au kumi. Bastola iliyo chini ya shati huishia mikononi mwa genge. Ukibahatika kufyatua, risasi ya milimita 9 hupenya mabati na mlango wa plaiwudi bila kusita, na nyuma ya mabati hayo wamelala watoto wa jirani.

Leseni yenyewe haitoki kwa pesa peke yake. Mwombaji hueleza sababu ya kutaka silaha, huleta cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, huchunguzwa afya ya akili, na ombi lake hupitia vyombo vya usalama vya eneo lake kabla ya kufika kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Sheria inakataza kumpa mlevi au asiye na akili timamu. Cheti huandikwa nambari ya silaha na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, na huhuishwa kila mwaka. Ukikutwa na silaha bila cheti, kifungo ni cha miaka, na kwa bunduki za kivita kama AK-47, G3 au MP5 kinaweza kuwa cha maisha. Desemba 2018 Fred Matiang'i, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, aliamuru wamiliki wote wakaguliwe upya.

Mlango wa mbele, basi, umebana vya kutosha. Tatizo liko kwingine. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na silaha kama 750,000, na zilizosajiliwa hazikufika 10,000. Kulegeza leseni au kuikaza zaidi hakuzigusi zile nyingine hata kidogo.

Baadhi ya silaha hizo zisizosajiliwa hazikuvuka mpaka wowote. Watu wa Likoni hawahitaji kuambiwa. Usiku wa Agosti 13, 1997 wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari sita na kuondoka na bunduki zaidi ya 40 za serikali. Ghala moja lililolindwa vibaya liliwapa silaha za kuwashambulia raia kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana Itifaki ya Nairobi ya 2004, mkataba wa kudhibiti silaha ndogo, inazitaka nchi za kanda hii kuchonga alama kwenye silaha, za serikali na za raia, ili ikiokotwa porini ijulikane ilitoka ghala gani. Alama hiyo haina kazi kama daftari la ghala halilinganishwi na kilichomo. Bunduki huhesabiwa, risasi husahaulika, na risasi ndizo zinazovuja kwanza.

Kwa raia mwenye leseni, uvujaji huanzia chumbani. Sheria inamtaka aitunze silaha mahali salama wakati wote, na kasiki (sefu) ndogo inayobebeka kwa mkono mmoja si mahali salama. Ifungwe kwa bolti nne kwenye sakafu ya zege. Ukuta wa mawe ya matumbawe, kama nyumba nyingi za Mji wa Kale, hubomoka ukitobolewa na bolti hung'oka. Risasi zikae kando, na funguo zake mbali.

Pwani ina adui mwingine: chumvi hewani. Bastola ikiachwa ndani ya mkoba wa ngozi hupata kutu, kwa sababu ngozi hushika unyevu. Itoe mkobani, ipanguse kwa mafuta mepesi, weka pakiti za silika za kunyonya unyevu ndani ya kasiki na uzibadilishe zikishiba. Risasi iliyoingia unyevu yaweza kugoma. Ikigoma, elekeza mtutu mahali salama na usubiri sekunde 30 kabla ya kufungua, maana baruti nyingine huchelewa kuwaka.

Ajali nyingi za nyumbani huja wakati wa kusafisha, na kosa ni la mpangilio. Mtu huvuta slaidi kwanza, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma, risasi iliyo kwenye chemba, yaani nyuma ya mtutu, huruka, kisha slaidi ikirudi huingiza nyingine kutoka magazini, kibebeo cha risasi ndani ya mpini. Halafu anatoa magazini akidhani bastola ni tupu. Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi, uangalie chemba kwa macho, uiguse kwa kidole.

Kuna na hili la urithi, ambalo familia nyingi hulinyamazia. Mzee akifariki, cheti chake hakimhamii mwanawe. Silaha iliyobaki kabatini haina mwenye cheti, na kila anayeishika yuko hatarini. Msiibebe kwenda kituoni. Mmoja aende mikono mitupu na cheti cha kifo na cheti cha silaha, amweleze OCS, mkuu wa kituo, achukue nambari ya OB, daftari la matukio, na polisi waje kuichukua. Mrithi anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe, toka mwanzo.