Shimo la mita moja kijijini Pirton

Kanisa la St Mary la Pirton, Hertfordshire, limejengwa ndani ya uwanja wa ngome ya Wanormani, watu waliotoka Ufaransa wakaitwaa Uingereza, na kilima cha ngome hiyo, Toot Hill, bado kipo pembeni yake. Wageni hukimbilia kilima. Siku ile sisi tuliingia kwenye bustani ya nyumba ya jirani, kwa ruhusa ya mwenyewe, kuchimba shimo dogo na kutafuta walikoishi wakulima wa zamani. Hao hawakuacha ngome, waliacha vigae, yaani vipande vya vyombo vya udongo vilivyovunjika.

Mwenye nyumba alituonyesha kwanza linakopita bomba la maji na waya wa umeme. Tukapima mraba wa mita 1 kwa 1, tukakata nyasi kwa sepeto pamoja na mizizi yake, tukazipanga kivulini na kuzimwagia maji. Kuanzia hapo tulishuka sentimita 10 kwa mara moja. Kila tabaka likiisha tulipima kina kwenye pembe zote nne, tukaandika rangi ya udongo, tukapiga picha na kufungua mfuko mpya wenye namba yake. Udongo wote ulipita kwenye chekecheo la matundu ya milimita 10. Udongo wa pale ni mzito, umechanganyika na chaki, jiwe laini jeupe, na ukilowa hufanya mabonge. Usipoyavunja kwa vidole, unatupa kigae ndani ya bonge.

Kinachoharibu shimo kuliko vyote ni kuchimba katikati tu, likawa kama bakuli. Pembe hubaki juu, kigae cha karne ya 19 humeguka ukutani kikaangukia chini, na mfuko wa tabaka la kale unadanganya. Fuko, wanyama wanaochimba ardhini, na mizizi hufanya uharibifu huohuo bila kuonekana, ndiyo maana kigae kimoja pekee hakitoshi kutoa tarehe.

Tabaka za juu zilitoa vipande vya sahani nyeupe, misumari na mashina ya viko vya udongo. Kuanzia sentimita 40 vikaja vigae vya kijivu, vyenye mchanga, vya kati ya mwaka 1100 na 1400. Karibu na sentimita 60 kilitoka kimoja kidogo kama ukucha, cha kahawia, kilichojaa chembe za kombe, maganda ya viumbe wa majini. Ukikisugua kinateleza kama sabuni. Hicho ni cha aina ya St Neots, vyungu vilivyokuwa vikipikiwa hata kabla ya Wanormani kuja mwaka 1066. Kufika sentimita 70 ilikuwa chaki tupu isiyoguswa na mtu, tukaacha.

Vigae vya baada ya 1400 hadi katikati ya karne ya 16 havikuwamo kabisa. Shimo moja halithibitishi kitu, lakini mwanaakiolojia Carenza Lewis alipochapisha mwaka 2016 matokeo ya mashimo kama haya takriban 2,000, kutoka makazi 55 ya mashariki mwa Uingereza, vigae vilikuwa vimepungua kwa asilimia 45 baada ya tauni ya 1348–49, ishara ya watu waliopungua. Hesabu hiyo isingepatikana katika kijiji kilichohamwa kama Wharram Percy. Ilihitaji vijiji ambavyo bado vina watu, na bustani zao.

Kufukia nako kuna utaratibu: chaki hutangulia, kisha udongo, na kila sentimita chache hushindiliwa kwa miguu, la sivyo mvua za baridi zitaudidimiza. Nyasi huja mwisho, na humwagiwa maji tena.