Kitundu, tepu nyeusi na rangi ya kucha ya Mama Neema

Nina miaka 59, na kwa misimu miwili mfululizo kulungu wa Pennsylvania walipita mbele yangu wakaenda zao salama. Wa mwisho alisimama kabisa, hatua arobaini hivi, akanitazama nikihangaika. Nilikuwa nimeinua bunduki yangu, Marlin 336, na pale penye kilengeo cha nyuma, kile kipande chenye mkato unachochungulia, nikaona ukungu mtupu. Nikirudisha macho nyuma nikione, shanga ya mbele, kile kinundu cha kulengea kwenye ncha ya mtutu, inapotea. Nikiishika shanga, kulungu anakuwa kichaka. Alipochoka kunisubiri akaondoka kwa miguu yake, bila hata kukimbia. Hilo ndilo lililoniuma.

Kwa asiyeijua, hii ni bunduki ya aina ya makauboi wa filamu: unashusha wenzo ulio chini ya mkono, ganda linaruka, unaupandisha, risasi nyingine inaingia. Risasi yake ya .30-30 ipo tangu 1895 na ni ya msituni, kulungu akiwa karibu. Huku kwetu Erie ukipata nafasi ya kuona yadi mia moja ujue umesimama barabarani.

Rafiki yangu Papa Furaha, mtu wa Bukavu tuliyezoeana kiwandani, alinimaliza kwa sentensi moja: "Baba Neema, bunduki iko muzuri, ni macho yako njo ilishachoka." Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaenda dukani.

Hapo ndipo pesa zilipoanza kukimbia. Kijana wa kaunta, rika la mwanangu wa mwisho, hakuniuliza navaa miwani ya aina gani wala nawindia wapi. Alinitazama mvi, akatoa darubini ya kukuza mara 3 hadi 9. "Kwa mzee kama wewe, hii." Nikalipa, mia mbili na ushee.

Asubuhi ya kwanza nayo, kulungu akatokea kama yadi ishirini na tano. Nikachungulia. Manyoya! Kioo kizima manyoya ya kahawia, kama nimewekewa blanketi usoni. Bega? Paja? Mgongo? Nilikuwa nimeisahau kwenye 9 tangu siku ya mazoezi. Nikaanza kuzungusha pete kwa vidole vilivyoganda ndani ya glavu, manyoya yakasogea kulia, yakaisha, nikabaki naangalia gome la mti lililokuzwa vizuri sana. Tena darubini ikifungwa juu, dole gumba halifiki vizuri kwenye nyundo ya kukokia mpaka uongeze kijipembe cha pembeni, na ile sehemu ya katikati ambayo mtu hubebea bunduki hii kwa mkono mmoja unaikosa. Sisemi darubini ni mbaya. Ndogo ya kuanzia mara 1 hadi 4 itamfaa ambaye macho yamefifia kweli, maana ndani yake alama na mnyama vinaonekana pamoja. Ila hiyo kijana hakuitaja.

Nikarudi. Akanipa kilengeo cha nukta nyekundu, kioo chenye nukta ya mwanga unayoiweka juu ya mnyama. "Hii hata kipofu anapiga." Nikawasha: badala ya nukta nikaona nyanya iliyokanyagwa, yenye mkia. Nikadhani ni mbovu, nikabadilishiwa, nyanya nyingine. Binti yangu ndiye aliyetatua. Alipiga picha kupitia kile kioo kwa simu, na kwenye picha nukta ilikuwa duara safi kama mwezi. Kumbe ubovu ni wangu, nina astigmatizimu: uso wa jicho haukukaa mviringo sawasawa, hivyo mwanga mdogo mkali unatawanyika. Kwa hiyo kabla hujanunua, piga picha kwa simu. Bure kabisa, na dukani hakuna aliyeniambia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kule Songea tukiwa wadogo, kulikuwa na mzee mmoja asiye na miwani aliyekuwa akisoma barua kwa kukunja ngumi na kuchungulia kwenye upenyo wa vidole. Tulikuwa tunamcheka. Usiku mmoja nimekaa jikoni nikamkumbuka, nikakunja ngumi, nikasoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi. Bila miwani! Nikaruka kwenye kiti. Nikachukua tepu nyeusi ya mafundi umeme, nikaitoboa kwa sindano ya moto, nikaibandika kwenye lenzi ya kulia ya miwani yangu, pale juu karibu na pua ambapo jicho hupitia ukiinamia kitako cha bunduki. Kesho yake kwenye uwanja wa shabaha, shanga ilirudi! Kali kama zamani, na karatasi ya yadi 50 nayo ikasomeka. Watu wa viti vya jirani walidhani nimeumia jicho.

Sababu yake nyepesi. Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, haiwezi tena kurukaruka kati ya karibu na mbali. Kitundu huzuia miale ya pembeni inayoleta ukungu, hivyo vya karibu na vya mbali vyote vinatulia. Na kitundu hicho kinauzwa kikiwa cha chuma, kinafungwa nyuma kabisa ya mgongo wa bunduki, mahali ambapo 336 ina matundu ya skrubu tayari. Dola mia na kitu, haina betri. Unang'oa kile kilengeo cha nyuma cha zamani chenye pembe mbili kilichokaa juu ya mtutu, basi. Usikitazame kitundu, chungulia ndani yake tu, weka shanga juu ya mnyama. Jicho lenyewe huipeleka shanga katikati. Mimi niliwahi kuhangaika kuisawazisha kwa kukusudia na ndipo nilipokosea.

Risasi za kwanza zilipiga juu inchi tano, yadi 50, na kitundu kilikuwa kimeshushwa mpaka mwisho. Papa Furaha akashauri nilenge chini. Ushauri wa kipuuzi, samahani ndugu yangu. Nikashika kalamu. Kutoka kitundu hadi shanga ni inchi 25, hadi karatasi, yaani yadi 50, ni inchi 1,800. Tano mara 25, gawa kwa 1,800: karibu inchi 0.07, haifiki milimita mbili. Nikaagiza kilengeo cha mbele kirefu zaidi kwa kiasi hicho, maana cha mbele kikipanda, risasi hushuka. Mwalimu wangu wa hesabu aliyekuwa akinichapa angejivunia.

Msituni jioni kitundu kidogo kinatia giza. Nilifungua ile sahani ya ndani ya kilengeo yenye tundu dogo nikaiweka mfukoni, nikabaki na pete pana. Usahihi unapungua kidogo, kwa kulungu wa karibu hutaona tofauti. Shanga nayo niliipaka wino mweupe wa kufutia makosa, juu yake rangi ya kucha nyekundu ya Mama Neema. Kichupa hicho tumekigombania mpaka leo.

Miwani: ile ya kusomea chini na kuona mbali juu ilikuwa inanifanya niinue kidevu kama kuku anayekunywa maji. Huwezi kwenda na bunduki kliniki, kwa hiyo nilikata mpini wa ufagio urefu uleule, nikachora shanga kwa kalamu, nikaulenga ukuta mbele ya daktari. Alicheka, lakini alipima kutoka jichoni hadi shanga: sentimita themanini hivi. Akanitengenezea miwani ya kuona mbali tu, na lenzi ya jicho la kulia ikaongezwa nusu dayopta, kile kipimo cha nguvu ya lenzi.

Jumamosi ya kwanza baada ya Siku ya Shukrani, vesti na kofia za rangi ya chungwa, kibali cha kuwinda kulungu jike mfukoni. Alikuja saa mbili kasoro, yadi thelathini na tano. Risasi moja.

Papa Furaha amekula nyama, akanyamaza. Yeye ana bunduki ya Winchester 94 ya zamani inayorusha maganda juu, palepale darubini inapofungwa, kwa hiyo darubini kwake ni matatizo matupu. Wiki iliyopita nilimkuta uwanjani na tepu nyeusi kwenye miwani. Ameitoboa kwa msumari, tundu kubwa kama punje ya mahindi, analalamika kwamba nimemdanganya.