Nilivyowamba upya kiti cha henzerani cha bibi

Seremala wa mtaani kwetu, hapa Mji Mkongwe, alikitazama kile kikalio kilichotoboka akasema, "Mwanangu, gongea plaiwudi, yaishe." Nikamjibu, "Hapana, fundi, nitakiwamba." Plaiwudi ingeziba tundu, lakini misumari ingeipasua fremu, na fremu ndiyo mali yenyewe.

Nilipokipindua kiti nilikuta mabaki ya karatasi ya watengenezaji wake: J. & J. Kohn, Vienna. Hawa walifuata mbinu ya Michael Thonet, fundi samani, aliyepika fimbo za mti kwa mvuke hadi zikalegea, akazifunga ukanda wa chuma upande wa nje ili nyuzi zisikatike, ndipo akazikunja. Kiti chake namba 14 cha mwaka 1859 kilikuwa vipande sita vya mti na skrubu. Viti 36 vilivyofunguliwa vilienea kwenye kasha la mita moja ya ujazo. Haki yake ya uvumbuzi ilipokwisha mwaka 1869, kina Kohn wakaingia sokoni.

Kwanza nilikata henzerani kuukuu na kuzibua matundu kwa keekee ndogo. Tone la spiriti chini ya fremu lilifanya rangi inate, nikajua ni shelaki, aina ya vanishi inayoyeyuka kwa spiriti, kwa hiyo sikupiga msasa. Niliifuta na kuipaka upya kwa kitambaa.

Henzerani niliagiza ya upana unaolingana na matundu. Huo ni utepe wa gamba la mmea wa Asia ya Kusini-Mashariki, nao una upande unaong'aa, ambao lazima ukae juu. Niliuloweka kwenye maji ya vuguvugu, kama dakika ishirini, utepe mmoja mmoja. Ukikaa sana majini hubadilika rangi.

Safu ni sita. Ya kwanza hutoka nyuma kwenda mbele kuanzia katikati, ya pili hupita juu yake kwa upana, ya tatu hurudia njia ya kwanza. Hadi hapo hujasuka kitu, umelaza tu. Kusuka huanza safu ya nne, na hapo vidole huuma kweli. Mbili za mwisho ni za mshazari, na siri yake sikuiona imeandikwa popote nilipotafuta: utepe ukiteleza, umepita sawa, ukikwama na kukwaruza, umeingia chini pale ulipotakiwa kupita juu. Fumua papo hapo. Kwenye kikalio cha duara, matundu mengine ya ukingoni hupokea mishazari miwili na mengine hurukwa, ilimradi mistari inyooke.

Usiivute sana henzerani ikiwa bado mbichi kwa maji, kwa sababu ikikauka hujikaza yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, kiti kingine cha bibi, ambacho kikalio chake kilikuwa kimelegea tu, sikukifumua. Nilikipindua, nikalowesha upande wa chini kwa kitambaa cha maji moto, nikakiacha kivulini hadi asubuhi. Kilikaza. Sasa wageni wanavikalia vyote viwili, ila hakuna ruhusa ya kusimama juu yake kubadilisha taa.