Mama kapelekwa Dubai ili afike New York

Juzi mama kanipigia akiwa ndo kwanza katua New York kwa dada, salamu hazijaisha kashaanza, "We mwanangu, hawa watu wa ndege wana akili kweli? Naenda Marekani wananipeleka Uarabuni, si nyuma huko!" Nikacheka weee, ila simu ilivyokatika nikajisemea bi mkubwa ana pointi.

Nikachukua lile tufe la mtoto la shule na uzi mweusi wa kushonea, ncha moja nikabana Dar kwa kidole gumba, ya pili New York, nikavuta mpaka ukakaza. Sa mimi siku zote nilijua ukitoka hapa unakata Kongo unatokea Atlantiki basi, si ndo ramani ya ukutani inavyoonyesha? Wapi! Uzi umepita Serengeti, Ziwa Victoria, Uganda, ukagusa kona ya Kongo, Afrika ya Kati, Chadi, Niger, Algeria, afu ukatokea kusini mwa Morocco ndo ukaingia baharini, na visiwa vya Azores viko humohumo njiani. Yani zaidi ya nusu ya safari bado uko Afrika! Ramani ya ukutani ni dunia iliyobanduliwa ikalazwa, lazima idanganye.

Uzi wenyewe nikauzungusha kwenye ikweta, umeingia mara tatu na kipande, na ikweta ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo Dar mpaka New York ni kama 12,400.

Njia ya mama sasa. Dar mpaka Dubai karibu 4,000, Dubai mpaka New York 11,000 na ushee, jumla 15,000. Kazungushwa kilomita 2,600 hivi, hapo kwa ndege unaenda Kigoma unarudi na chenji inabaki.

Kilichonishangaza zaidi ni Nairobi. Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways wanaruka moja kwa moja mpaka New York, kama kilomita 11,800, ukijumlisha na 670 za kutoka Dar unapata 12,470, yani hujaongeza hata kilomita 100 kwenye ule uzi maana Nairobi iko pembeni yake tu. Mbona sikumpitisha huko? Bei jamani, siku nakata tiketi ya Dubai ndo ilikuwa nafuu, tena kwa mbali, kumbe kwenye ndege ukizunguka sana ndo unalipa kidogo, daladala ingekuwa hivyo tungehamia humo.

Nikampigia kumweleza, na nikamwambia wakati wa kurudi masaa yatapungua maana kule juu upepo unavuma kutoka magharibi, unaisukuma ndege kwa nyuma. Kimya kidogo, afu akauliza, "Kwa hiyo mafuta yatatumika machache?" Nikasema ndiyo mama. "Na nauli ya kurudi umelipa ileile?"