Isimila Asubuhi, Njia ya Msalaba Mchana: Ninavyopanga Ijumaa Kuu Iringa

Isimila, korongo lenye mashoka ya mawe ya kale na nguzo ndefu za udongo, huitanguliza. Njia ya Msalaba ya parokia ninayosali huanza mchana na kuishia kwenye ibada ya saa tisa; ukisubiri hadi itoke, utafika korongoni giza linaingia. Tena masika huku mvua hupenda kushuka alasiri. Kama kwenu wanaandamana asubuhi, Isimila iache hadi Jumatatu ya Pasaka.

Ni kama kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya. Saa moja asubuhi uwe Ipogoro, upande gari la Ifunda au Mafinga. Mabasi ya mbali siku hiyo yamejaa watu wanaokwenda kula Pasaka nyumbani, hayataki abiria wa njiani. Mwambie konda mapema akushushe njia panda ya Isimila, kisha tembea kama dakika 20. Lipa kiingilio, chukua mwongozaji. Mzee ukimwamkia "kamwene", salamu ya Kihehe, atakuonyesha na yale wengine wanayapita.

Watu hukimbilia nguzo kupiga picha. Mimi nasema anza na mashoka ya mawe, na uchuchumae: utaona makovu ya kubanduliwa vipande pande zote mbili, yakikutana kwenye makali. Mtafiti wa mambo ya kale Clark Howell na wenzake walichimba hapa 1957 na 1958. Umri unaotajwa zaidi ni kama miaka 260,000. Usiokote hata kipande: jiwe likihama, habari ya lilipolala imepotea, na sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalilinda.

Maji yaliyofukua mawe hayo ndiyo yaliyochonga nguzo: udongo laini uliondoka, mgumu ukabaki. Bado yanakula. Baada ya mvua usiegemee nguzo wala kusimama chini yake, vipande hudondoka. Vaa viatu vya soli yenye meno. Soli laini hujaa tope ukateleza kwenye mteremko.

Saa nne na nusu uwe umerudi barabarani, maana gari la kurudi mjini husubiriwa sana sikukuu. Vituo vya Njia ya Msalaba ni 14, na kwenye kila kimoja watu hupiga magoti, hata penye matope: beba kanga kuukuu ukunje mara nne. Kaa nyuma ya msalaba karibu na kwaya. Mkiani spika haisikiki, sala zinakupita. Siku ya mfungo nyama hailiwi, kwa hiyo fungasha viazi vitamu au magimbi, na maji lita moja na nusu kwa kila mtu.